Tanuri la Udongo: Mali Iliyo Chini ya Miguu Yetu

Katika jiji la Nairobi udongo ni kitu kinacholaumiwa kuliko kusifiwa. Wakati wa mvua hushika viatu vya karani aendaye kazini na kuchafua sare za watoto wa shule. Na wakati wa jua hugeuka vumbi jekundu liingialo hata ndani ya kabati. Walakini wazee wetu hawakuudharau. Kwa udongo walijenga nyumba, walifinyanga vyungu, na walikandika ghala za nafaka. Leo napenda kuwaeleza wasomaji kazi nyingine ya udongo, nayo ni kujenga tanuri la kuokea mikate nje ya nyumba. Nitaeleza hasa kwa ajili ya wenzetu wakaao Kawangware na Kibera, ambako mkaa hununuliwa kwa mkebe na kila shilingi huhesabiwa.

Mtu ashukaye garini alfajiri huko Kawangware mahali paitwapo 46, jina lililotokana na namba ya magari yaendayo huko, hatakosa kuona akina mama wamekwisha kuwasha majiko yao kando ya njia. Huyu anakaanga mandazi, yule anasukuma chapati, na mwingine anachemsha chai ya watu waendao kazini. Wote hao wana adui mmoja, nao ni bei ya moto. Tena yafaa tukumbuke kwamba jina la Kibera limetokana na neno la Wanubi lenye maana ya msitu. Mahali palipokuwa na msitu leo mtu hununua kuni na mkaa uliotoka mbali. Mwezi wa Februari 2018 Serikali ya Kenya ilipositisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, bei ya mkaa ilipanda sana, na wauza chakula wadogo ndio walioumia kwanza. Mwaka 2023 Serikali ilitangaza kuiondoa amri hiyo, lakini mkaa haukurudi kuwa kitu rahisi.

Basi swali ni hili: Je, iko njia ya mwuza chakula kupeleka sokoni mkate au keki iliyookwa vizuri, bila kununua tanuri la umeme au la gesi, na bila kumaliza faida yake katika mkaa? Jibu ni kwamba njia iko. Lakini ina sharti moja, nalo nitalieleza baada ya kusema juu ya kazi yenyewe.

Si Kitu Kigeni

Huenda msomaji mmoja atasema, "Udongo ni mambo ya kale, sisi tumekuja mjini kuyaacha." Fikira hiyo si kweli. Katika pwani yetu, toka Lamu hata Unguja, mkate wa mofa umeokwa kwa miaka mingi katika tanuri la udongo, mwokaji akiupachika unga uliokandwa ubavuni mwa tanuri lenye moto. Neno lenyewe "tanuri" ni jamaa ya neno la Kiarabu "tannur" na la Kihindi "tandoor". Mtu anayelipa fedha nyingi katika mkahawa wa Kihindi ili ale mkate wa naan, aghalabu anakula mkate uliookwa katika udongo, ingawa hajui. Kadhalika mji wa Naples katika Italia umepata sifa duniani kote kwa piza zake, ambazo huokwa katika tanuri la kuni lenye umbo la kuba.

Hata hapa Nairobi udongo umekwisha kuthibitisha kazi yake. Jiko la mkaa lenye bati nje na udongo uliochomwa ndani, ambalo lilianza kuenea katika miaka ya 1980, halikushinda jiko la bati tupu kwa uzuri wa sura. Lilishinda kwa sababu udongo ulio ndani huzuia joto lisipotee ubavuni, na kwa hiyo mkaa kidogo hufanya kazi kubwa. Tanuri la udongo hufuata kanuni hiyo hiyo, ila umbo lake ni kubwa zaidi.

Tena maarifa yenyewe tunayo. Katika Kawangware wako watu wengi waliotoka Magharibi ya Kenya, ambako mama na dada zetu wamezoea kukandika nyumba kwa udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe. Mtu ajuaye kukandika ukuta usipasuke, amekwisha kujua nusu ya kazi ya tanuri.

Udongo Ulio Mwema

Nairobi ina udongo wa namna mbili, nao hautendi kazi sawa. Upande wa mashariki na kusini, kama Embakasi na bonde la Athi, kuna udongo mweusi ambao huvimba ukinywa maji na kupasuka nyufa kubwa ukikauka. Huo haufai kabisa kwa tanuri. Upande wa magharibi, kama Dagoretti, Kawangware na kuelekea Kikuyu, kuna udongo mwekundu ambao hautikisiki sana kwa maji na jua. Huo ndio tuutakao.

Usichukue udongo wa juu, kwa kuwa una mizizi na mbolea, na katika mji una takataka pia. Chukua ule ulio chini, kama futi 2 au zaidi. Siku hizi magorofa yanajengwa pande nyingi za Kawangware, na wajenzi huchimba misingi kisha hulipa malori ili udongo uondolewe. Mtu akiomba kwa adabu, aghalabu atapewa bure. Lakini ajihadhari na udongo uliochimbwa karibu na vyoo au mitaro ya maji machafu, maana tanuri ni chombo cha chakula.

Ili kuupima, chukua udongo kidogo, ulowanishe, ukande, kisha uviringishe mpaka uwe kama kalamu ya risasi. Uzungushe juu ya kidole. Ukizunguka bila kukatika, udongo huo una nguvu ya kushika. Hata hivyo udongo wenye nguvu nyingi hupasuka ukikauka. Kwa hiyo hapana budi kuutia mchanga. Wafinyanzi wetu wanaijua siri hii, ndiyo sababu wengine huponda vigae vya vyungu vya zamani na kuvitia katika udongo mpya.

Kiasi cha mchanga hakiwezi kusemwa kwa kila mahali. Fanya vitofali vinne vidogo: cha kwanza udongo mtupu, cha pili kipimo 1 cha udongo na 1 cha mchanga, cha tatu 1 kwa 2, na cha nne 1 kwa 3. Viache vikauke kivulini. Kilichopasuka kina upungufu wa mchanga, na kinachomomonyoka kikisuguliwa kina mchanga wa kupita kiasi. Kile kilichosalia kigumu bila ufa ndicho kitakachokuongoza. Mtu asiyefanya majaribio haya atalia baadaye.

Namna ya Kujenga

Wakati mwema wa kujenga ni Januari na Februari, kabla ya mvua ndefu za Machi hata Mei. Miezi ya Juni mpaka Agosti mvua ni chache, lakini baridi na mawingu ya Nairobi hufanya udongo uchelewe kukauka.

Kwanza, jenga jukwaa la mawe lenye upana wa futi 4 kila upande na kimo cha futi 3 hivi, ili mwokaji asiiname. Ndani yake jaza kifusi na ukishindilie. Usitumie mawe yaliyotolewa mtoni karibu na moto, kwa maana huenda yana maji ndani, nayo yakipata joto kali huweza kupasuka kwa kishindo.

Pili, juu ya jukwaa panga chupa tupu za kioo zikilala, kisha zifunike kwa udongo uliochanganywa na vumbi la mbao. Hewa iliyomo ndani ya chupa huzuia joto lisishuke na kupotea katika mawe. Juu yake tandaza mchanga wa inchi 1, uusawazishe, na panga matofali ya kuchoma bila saruji, yakibanana sana. Matofali kama 30 yatatosha. Hii ndiyo sakafu ya kuokea.

Tatu, chora juu ya sakafu mviringo wenye upana wa inchi 27. Lundika mchanga wenye unyevu juu ya mviringo huo mpaka uwe kuba yenye kimo cha inchi 16. Kazi hii itahitaji madebe 5 hivi. Funika mchanga kwa magazeti yaliyoloweshwa, hata gazeti hili likisha kusomwa na wote nyumbani. Karatasi hizo zitakuonyesha baadaye mahali mchanga unapokwisha na ukuta unapoanza.

Nne, changanya udongo na mchanga kwa kipimo ulichokipata katika vitofali vyako. Kama ni 1 kwa 2, madebe 3 ya udongo na 6 ya mchanga yatafaa kwa kuanzia. Mwaga juu ya turubai, tia maji kidogo kidogo, na watu wakanyage kwa miguu mpaka mchanganyiko uwe mmoja. Usiwe tope. Donge likiangushwa kutoka kimo cha kiuno lisisambae wala lisivunjike vipande. Sasa jenga ukuta kuzunguka mchanga, ukianza chini kwenda juu, unene wa inchi 4, na kushindilia kwa kiganja.

Tano, siku ya pili, udongo ukiwa umekaza hata kidole hakiingii, kata mlango. Hapa ndipo wengi hukosea. Mlango una kazi mbili: hewa baridi huingia chini yake, na moshi hutoka juu yake. Ukiwa mrefu mno, joto lote hutoka. Ukiwa mfupi mno, moto hukosa hewa na kufa. Waashi wa matanuri wameona kwamba kimo cha mlango kifae kuwa kama sehemu 63 katika 100 za kimo cha kuba kwa ndani. Basi kwa kuba ya inchi 16, mlango uwe inchi 10. Upana wake uwe inchi 14 hivi, ili makopo ya mikate yapite. Kisha toa mchanga wote kwa mkono, pole pole, mpaka uone magazeti.

Sita, baada ya siku chache koroga udongo na maji mpaka uwe kama uji, utie vumbi la mbao kwa wingi, na upake tabaka la pili lenye unene wa inchi 4. Tabaka hili ni blanketi ya tanuri. Lile la kwanza hushika joto, na hili hulizuia lisitoke. Mwisho, kandika kwa udongo laini unene wa inchi 1, kama mtu akandikavyo nyumba. Tengeneza pia mlango wa ubao mzito wa kuziba wakati wa kuoka.

Acha tanuri likauke kwa muda wa wiki mbili, kisha washa moto mdogo sana kila siku kwa siku kadhaa. Asiye na subira akawasha moto mkubwa siku ya kwanza, maji yaliyomo ukutani yatageuka mvuke na kupasua kazi yake yote. Wala usisahau kuezeka. Udongo huwa kigae pale tu unapopata joto la kadiri ya digrii 600, na joto hilo haliufikii ukuta wa nje. Kwa hiyo tanuri lisilo na paa litarudi kuwa matope mvua ndefu zikifika. Weka mabati juu ya nguzo, yawe mbali na kinywa cha moto, na ubavuni pawe wazi.

Namna ya Kuoka

Tanuri hili si kama jiko. Katika jiko moto huwaka chini ya sufuria wakati wote. Katika tanuri moto huwashwa kwanza, kisha huondolewa, na ukuta ndio upikao. Washa kuni kavu ndani yake kwa muda wa saa moja na nusu au mbili. Mwanzo dari litakuwa jeusi kwa masizi. Endelea tu. Joto likizidi, masizi yenyewe yataungua na dari litaonekana jeupe tena. Hiyo ndiyo ishara.

Sasa vuta makaa yote nje, panguza sakafu kwa kitambaa chenye maji kilichofungwa katika fimbo, na uzibe mlango kwa muda wa nusu saa ili joto lienee sawasawa. Nyunyiza unga kidogo juu ya sakafu. Ukiwa mweusi mara moja, tanuri lingali kali mno. Ukigeuka rangi ya kahawia pole pole, tia mikate. Sakafu ya inchi 27 itachukua makopo 6 ya mkate wa gramu 400 bila kubanana.

Joto litashuka pole pole, na hapo ndipo akili ya mwokaji inapoonekana. Kwanza mikate bapa, ambayo hutaka joto kali. Halafu mikate ya kopo. Halafu keki na biskuti. Halafu viazi vitamu. Mwisho, chungu cha maharagwe au githeri kiachwe humo usiku kucha. Nairobi iko juu sana hata maji huchemka kwa digrii 94 hivi badala ya 100, na ndiyo sababu maharagwe hukawia kuiva na kula mkaa mwingi. Joto la bure la usiku lisidharauliwe.

Jifya Moja Haliinjiki Chungu

Sasa nieleze sharti nililolitaja mwanzo. Tanuri la udongo halifai kwa mtu mmoja atakaye kuoka mikate miwili. Kabla ya kuoka mkate wa kwanza hapana budi kuupasha moto ukuta mzima, na kuni hizo ni zile zile kama utaoka mikate 2 au 30. Aokaye mara moja tu kisha akaliacha lipoe, ametupa kuni. Bali watu wanne au watano wakilitumia kwa zamu siku ile ile, mmoja akitoka na mwingine akiingia, gharama ya moto hugawanyika na kila mmoja huona faida. Kwa chai na ugali wa kila siku, jiko dogo lenye udongo ndani lingali bora.

Hapa kuna habari njema na ngumu pamoja. Wakazi wengi wa Kawangware na Kibera ni wapangaji, kila jamaa katika chumba chake, na uwanja wa ploti ni wa wote. Kwa upande mmoja, majirani wako karibu, na vyama vya akina mama vya kuweka akiba vimezoea kushirikiana. Kwa upande mwingine, tanuri haliwezi kubebwa mtu akihama, na mwenye ploti aweza kuamuru livunjwe. Basi mkutano utangulie sururu. Ombeni ruhusa ya mwenye ploti, na iandikwe. Ikiwa uwanja hautoshi, uliza katika kanisa, msikiti au shule iliyo karibu, ambako aghalabu kuna nafasi na mlinzi. Andikeni katika daftari zamu ya kila mmoja, nani ataleta kuni, nani atazoa majivu, na mwanachama akihama atarudishiwa nini. Matanuri mengi hayavunjwi na mvua, huvunjwa na ugomvi.

Kibera imekwisha kutuonyesha mfano wa jambo la namna hii. Huko Laini Saba lilijengwa jiko kubwa la jamii, lililobuniwa na msanifu wa majengo Jim Archer, ili watu wapike kwa moto wa takataka za mtaa. Jiko lile lilitengenezwa kwa ustadi ili lipate joto kali mno la kuunguza takataka. Tanuri letu la udongo halina uwezo huo; kwa hiyo mtu asithubutu kutia plastiki ndani yake.

Hadhari

Kuni ziwe kavu na safi. Mafundi wa samani walio kando ya Barabara ya Ngong na ya Naivasha hubaki na vipande vingi vya mbao, navyo hufaa kama havikupakwa rangi, havikutiwa dawa, wala si mbao za kugandishwa kwa gundi. Vipande vya nguzo za umeme visitumike kamwe, maana vimetiwa sumu ya kuzuia wadudu.

Tanuri liwe nje. Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa duniani kwa sababu ya moshi wa majumbani, na wengi miongoni mwa wavutao moshi huo ni akina mama na watoto. Liwe mbali na kuta za mabati na mbao, na mbali na nyaya za umeme, kwa maana sote tumeona jinsi moto unavyokula mtaa. Ndoo ya maji na debe la mchanga zisiondoke hapo. Na atakaye kuuza achukue cheti cha afya na kibali cha Kaunti ya Jiji la Nairobi, ili jasho lake lisichukuliwe na askari siku moja.

Ndugu msomaji, simwambii mtu kwamba udongo utamtajirisha. Nasema tu kwamba mwuza mandazi aliye na rafiki wanne, mwenye ploti mwelewa, na miguu ya kukanyaga udongo, anaweza kuwa mwoka mikate kabla ya mvua ndefu kufika. Vitofali vinne vya majaribio havigharimu kitu. Anayetaka kujua kama udongo wa kwao unafaa, na avifanye Jumamosi hii.